Kipimo cha Mpimaji

Watu wawili waulizwa swali moja. Wote wawili watoa jibu moja, na jibu hilo ni la kweli. Mmoja amelipata kwa kutafuta; wa pili amelipata kwa mazoea tu, kama mtu ajikwaaye gizani akaangukia kitanda chake. Je, wote wawili wamesema kweli sawasawa? Mtu wa haraka atajibu ya kuwa kweli ni kweli, wala haiulizwi imepita njia gani. Mimi pia nilikuwa karibu na jibu hilo, mpaka siku nilipoliona swali hili limewekwa juu ya meza ya maabara, ndani ya chupa ndogo ya maji.

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, na mtu wa kazi hii hana haja kubwa ya kuingia mahali penye asidi na mitungi ya gesi. Lakini mwenzangu mmoja wa idara ya kemia alikuwa akiandaa mafunzo ya siku kumi kwa mafundi wa maabara, watu kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, waliokuja kujifunza matumizi ya vyombo vya spektroskopia. Wengi wao walikwisha kuifanya kazi hiyo miaka mingi, lakini lugha ya vitabu vya mashine ilikuwa kama ukuta baina yao na maarifa yaliyomo. Akaniomba niketi pamoja nao, nisaidie kutafuta maneno ya Kiswahili. Nilikwenda kutoa maneno. Nilirudi na swali.

Kabla ya kulieleza swali, yafaa msomaji ajue elimu yenyewe ni nini. Spektroskopia ni elimu ya kuvisoma vitu kwa nuru. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer, fundi wa vioo wa Bavaria, aliitazama nuru ya jua iliyopita katika mche wa kioo, akaona kati ya rangi zake mistari myeusi, mamia kwa mamia. Aliihesabu na kuichora kwa uangalifu, wala hakujua sababu yake. Sababu ilipatikana baina ya mwaka 1859 na 1860, huko Heidelberg katika Ujerumani. Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walionyesha ya kuwa kila elementi, ikitiwa katika mwali wa moto, hutoa rangi zake mahali pake maalumu, na ya kuwa mvuke wa elementi hiyo huzifyonza rangi zile zile. Kwa njia hiyo walivumbua elementi mbili ambazo hapana mtu aliyepata kuzijua: siziamu mwaka 1860, na rubidiamu mwaka 1861.

Mwaka 1955 Alan Walsh, akifanya kazi Australia, alitangaza njia ya kupima wingi wa madini kwa kuangalia kiasi cha nuru kilichofyonzwa na atomi. Njia hiyo ndiyo waliyokuja kujifunza mafundi wetu. Taa iliyotengenezwa kwa madini yanayotafutwa hutoa nuru yake. Sampuli hunyunyizwa katika mwali. Atomi za madini yale, kama zimo, hunyakua sehemu ya nuru ile, na chombo huhesabu kilichopungua.

Hapo ndipo kazi ya chombo inapokwisha na kazi ya mtu inapoanza. Chombo hakijui gramu wala lita. Kinajua tu ya kuwa nuru imepungua. Sharti mtu atengeneze maji ya mfano, yenye madini kwa kiasi anachokijua mwenyewe, ayapime moja baada ya moja, achore mstari, kisha ndipo ayalinganishe na maji asiyoyajua. Tena mstari huo ni mnyofu kwa sehemu tu. Madini yakizidi, hupinda. Mtu akiunyosha kwa rula kupita mfano wake wa mwisho, amekwisha kutoka katika kupima na kuingia katika kubuni. Haya yote hayamo katika mashine. Yamo katika mtu, au hayamo popote.

Siku ya saba mkufunzi, mama mtulivu asiyependa maneno mengi, alimpa kila fundi chupa tatu, akawaambia wapime risasi. Nasema risasi kwa maana ya madini mazito yale, si ya bunduki. Chupa mbili zilikuwa na risasi aliyoitia mwenyewe. Ya tatu ilikuwa na maji safi yasiyo na kitu. Hakuwaambia.

Watu kumi waliandika kwa chupa ya tatu tarakimu ndogo ndogo, wengine mpaka nafasi ya tatu baada ya nukta. Hawakudanganya: ndizo tarakimu walizoziona. Maana chombo cha namna ile hakijui kunyamaza. Mwali hutetemeka, umeme hupanda na kushuka, na hata maji matupu yakipita, tarakimu fulani hutokea katika kioo chake. Ukiuliza, kitajibu, na kisipokuwa na la kusema, kitajibu vile vile.

Watu wawili waliosalia waliandika ya kuwa chupa ya tatu haina kitu. Wote wawili walipata. Mkufunzi akauliza kila mmoja alijuaje. Wa kwanza, kijana mwenye mikono myepesi na mwepesi wa kazi kuliko wote, akajibu, “Mwalimu, ni mazoea. Kazini kwetu tarakimu ndogo namna ile tunaandika sifuri.” Wa pili, mwanamke mtu mzima, alieleza ya kuwa kabla ya kuigusa chupa alipima maji matupu mara kumi, akaona tarakimu inayumba kwa kadiri gani. Akaizidisha kadiri hiyo kwa tatu, akaifanya kuwa mpaka. Tarakimu ya chupa ya tatu haikuuvuka. Katika karatasi yake hakuandika “hakuna risasi.” Aliandika, “Sikuona risasi iliyozidi uwezo wa chombo changu.”

Mkufunzi akampa mwanamke alama zote, na kijana hakumpa hata moja.

Chumba kikachafuka. Kijana akasema kwa adabu, lakini kwa uchungu, “Mwalimu, jibu langu na lake ni moja.” Mama yule akamjibu, “Jibu ni moja, mwanangu. Kesho nikikupa chupa yenye risasi kidogo, utaandika nini?” Kijana akanyamaza. Wengine hawakunyamaza. Walibishana mpaka saa ya chai, baadhi wakisema mkufunzi amedhulumu, kwa kuwa mtihani ulikuwa juu ya maji, wala haukuwa juu ya moyo wa mpimaji.

Nami nilibishana nao, kimya kimya, siku nyingi. Sasa naona ya kuwa mkufunzi alikuwa na haki, na sababu yangu ni hii. Kila tarakimu itokayo maabara ina kauli mbili ndani yake. Kauli ya kwanza ni juu ya kitu: maji haya yana kadha wa kadha. Kauli ya pili ni juu ya mtu: nami nimelijua hili kwa kulipima. Kauli ya pili haiandikwi, walakini ndiyo inayoipa ya kwanza thamani. Anayeisoma tarakimu yuko mbali. Ni tabibu, au hakimu, au mama anayechota maji. Hakuuona mwali wala chupa. Anaupokea ushahidi wa mtu asiyemjua. Kijana yule alisema kweli juu ya maji, na juu ya nafsi yake alisema lisilokuwako. Nusu ya ushahidi wake ilikuwa uongo, na bahati njema ya nusu ya kwanza haiwezi kuitakasa nusu ya pili.

Atakaye mfano mkubwa zaidi na autazame mji wa Boston, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Katika maabara ya serikali huko, mkemia mmoja alikuwa akipima vitu vilivyokamatwa na polisi, ili mahakama ijue kama ni madawa ya kulevya. Alisifiwa kwa wingi wa kazi yake. Mwaka 2012 ikafunuka ya kuwa mara nyingi hakupima; alikuwa akitazama kwa macho, akaandika jibu. Tena baadhi ya sampuli alizichafua ili zikubaliane na neno lake, na shahada ya juu ya kemia aliyodai kuwa nayo hakuwa nayo. Mwaka 2013 alikiri makosa yake mahakamani, akafungwa. Mwaka 2017 hukumu za kesi zaidi ya 21,000 zikafutwa.

Tufikiri vema hapa. Yamkini katika kesi hizo elfu ishirini na moja nyingi zilikuwa na madawa kweli. Jicho la mtu aliyezoea halikosi kila mara. Kama kweli ya kauli ya kwanza ingetosha, majibu yale ya kweli yangeweza kubaki. Hayakubaki, kwa kuwa hapana aliyeweza kuyatenga na ya uongo. Mpimaji asiyepima haharibu yale aliyokosea tu. Huharibu na yale aliyopata. Na waliolipa si yeye peke yake. Wako waliokaa gerezani kwa neno la mtu ambaye hakutazama.

Msomaji ataniambia, “Huyo alikuwa mwongo. Muweke mtu mwaminifu mbele ya chombo, nawe utakuwa salama.” Natamani ingekuwa hivyo. Mwaka 1903 René Blondlot, mwanafizikia mwenye heshima wa Nancy, Ufaransa, alitangaza miali mipya aliyoiita miali ya N. Aliipitisha katika mche wa alumini, katika chumba cha giza, akasoma mahali pa mistari yake kwa uangalifu mkubwa. Wataalamu wengi wengine wakasema wameiona. Mwaka 1904 Robert Wood, Mmarekani aliyebobea katika elimu ya nuru, alikwenda kumtembelea. Giza lilipoingia akauondoa mche kimya kimya. Mche haumo, lakini mistari ikaendelea kusomwa mahali pake pale pale kana kwamba hapana kilichotokea.

Blondlot hakuwa mwongo. Aliona kwa sababu alitazamia kuona. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, wala hawakusema ya kuwa mwamba ngoma ni mwizi. Mkono huvuta wenyewe. Basi uaminifu wa moyo hautoshi, shahada haitoshi, hata sifa ya miaka mingi haitoshi. Linalotakiwa ni uaminifu uliopewa kanuni: mtu awe na njia ya kujishitaki mwenyewe kabla hajashitakiwa na mwingine. Maji matupu yanayopimwa mara kumi ndiyo njia hiyo. Mpimaji huyatazama mahali ambapo ajua hakuna kitu, ili aone ni kiasi gani nafsi yake na chombo chake vinaweza kuona kisichokuwako.

Mtu aliyelifuata jambo hili mpaka mwisho wake ni Clair Patterson wa Marekani. Alipokuwa kijana alipewa kazi ya kupima risasi iliyomo katika mawe, kwa spektromita ya masi, chombo kinachotenga atomi kwa uzito wake. Tarakimu zake zilikuwa kubwa mno, wala hazikupatana. Angaliweza kuzipunguza kwa kalamu. Badala yake aliuliza kama risasi ile ilikuwa ya jiwe au ya kwake. Akaikuta katika vumbi la chumba, katika vyombo vyake na dawa zake, na katika mwili wake. Akaanza kusafisha. Alitengeneza huko California maabara safi kupita desturi ya siku zile, na mwaka 1956 akatoa umri wa dunia, miaka bilioni 4.55, ambao haujabadilika sana mpaka leo.

Lakini hakuishia hapo. Aliyekwisha kuujua uchafu wake mwenyewe aliweza kuutambua wa ulimwengu. Risasi aliyokuwa akiifuta mezani ilitoka kwa sehemu kubwa katika petroli ya magari. Mwaka 1965 aliandika ya kuwa binadamu wanabeba risasi nyingi kuliko ya asili, akapingwa vikali na waliofaidika na biashara ile. Nchi zikaiacha petroli hiyo moja baada ya moja, na mwaka 2021 nchi ya mwisho, Algeria, ikaacha kuiuza kwa magari. Watoto wa Dar es Salaam na Nairobi wanavuta hewa safi zaidi kwa sababu mtu mmoja alikataa kuikubali tarakimu yake kabla ya kujipima mwenyewe.

Sasa narudi kwa kijana wetu, maana sikumtendea haki bado. Saa ya chai alikuja kukaa karibu nami. Akaniambia ya kuwa miaka minane iliyopita mashine ililetwa kazini kwao kwa sherehe. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa. Mtaalamu aliyekuja nayo alikaa siku mbili, akaonyesha mahali pa kuiwashia na mahali pa kuizimia, akaenda zake. Kitabu kikawekwa katika mtoto wa meza. Taa ilipokufa walingoja nyingine miezi mingi. Maji ya mfano yalipokwisha hayakuagizwa, kwa kuwa katika hesabu ya fedha mashine ilikuwa na fungu lake, na maji ya mfano hayakuwa na fungu. Yeye alijifundisha mwenyewe, kwa kubahatisha.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Nimeandika sifuri nyingi, Mwalimu. Ni maji ya visima. Watu wanakunywa.”

Sikuwa na la kumjibu. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kujifunza ya kuwa Shirika la Afya Duniani limeweka kwa maji ya kunywa mpaka wa mikrogramu 10 za risasi katika lita moja, yaani sehemu ya mia ya miligramu. Chombo cha mwali cha kawaida huanza kuiona risasi karibu na kiasi hicho hicho, au juu yake. Maana yake ni ya kuwa maji yanaweza kuuvuka mpaka wa usalama, na chombo kisione. Sifuri zake huenda zilikuwa za kweli zote. Huenda hazikuwa. Na risasi haina kiasi kinachojulikana kuwa hakimdhuru mtoto. Huingia katika ubongo unaokua, ikapunguza akili kimya kimya, bila homa wala jeraha. Huko Mombasa wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, waliokaa jirani na kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri kuukuu, walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 hakimu akaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Wakili hawezi kuionyesha risasi iliyo katika damu ya mtoto kwa kidole. Huionyesha kwa tarakimu. Tarakimu ikiwa haina mtu nyuma yake, mtoto hana shahidi.

Basi lawama ni ya nani? Kijana anayo sehemu yake, kwa kuwa aliandika asichokijua. Lakini sehemu kubwa zaidi ni ya waliomkabidhi ushahidi bila kumfundisha kushuhudia. Kumpa mtu chombo bila mafunzo si nusu ya msaada. Ni hatari mpya, maana kabla ya mashine kufika watu wa visima vile walijua ya kuwa hawajui. Baada ya kufika wakadhani wanajua. Fraunhofer mwenyewe alikuwa yatima, mwanagenzi katika karakana ya vioo. Mwaka 1801 nyumba ya bwana wake ilipomwangukia akaokolewa, mtawala wa Bavaria alimpa fedha, na watu wema wakampatia vitabu na wakati wa kusoma. Waliomsaidia walijua ya kuwa kioo bila kitabu hakitoshi.

Yako maneno ya upande wa pili, nayo si mepesi. Mafunzo yana gharama. Gesi safi, taa na maji ya mfano vina gharama. Na mwenye kiu hangoji mpaka wataalamu wakamilike. Hivyo, husema wengine, kipimo kibovu ni bora kuliko kutopima. Nakubali nusu ya maneno haya. Kipimo hafifu kinachotangaza udhaifu wake ni bora sana kuliko kutopima, nacho hakimdhulumu mtu. Anayeandika “chombo changu hakioni chini ya hapa” amefanya kazi kamili hata kama chombo chake ni cha zamani na kimekwaruzika. Kinachodhuru ni udhaifu uliovikwa nguo ya yakini, na sifuri ni nguo nyembamba kuliko zote. Tena kusema “sijaona” hakuhitaji fedha za kigeni. Kunahitaji mtu aliyefundishwa ya kuwa neno hilo si aibu.

Hapo mwalimu wa Kiswahili aliona kazi yake. Katika lugha yetu “hakuna” na “sikuona” ni maneno mawili yaliyo mbali. La kwanza linahukumu ulimwengu wote. La pili linamtaja msemaji na mpaka wa jicho lake. Katika mazungumzo twayachanganya, na hapana madhara. Katika daftari la maabara kuyachanganya ni kuapa kwa niaba ya maji. Katika maelezo ya mafunzo yale nilikuwa nimeandika “hakuna” mahali pengi, kwa kuwa ni fupi na hukaa vizuri katika jedwali. Usiku ule niliyafuta yote.

Siku ya mwisho kijana yule alinijia tena, mkononi ana karatasi. Alisema anarudi kazini, na la kwanza atakalofanya ni kulifungua daftari la miaka minane na kuviandika upya visima vyote vya sifuri, viende kupimwa mahali penye chombo kikali zaidi. Mkubwa wake hatapenda, na wenye visima wataogopa. Aliniuliza ni maneno gani ayaandike juu ya sifuri za zamani, kwa Kiswahili kizuri, kisichomdhulumu mtu na kisichoficha kitu.

Tulikaa kitambo tukitafuta. Mwisho tukaafikiana aandike, “Haikupimwa vya kutosha kujulikana.” Aliinakili mara mbili, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaagana nami, akaenda kupanda basi.